Ng'ombe Ambao Hawakufika Lagangabilili

Milembe aliposhuka kwenye basi dogo pale Bariadi, kilichomshangaza ni salamu.

“Mama Georgina! Mwadila, mayu! Umerudi?” alimpigia kelele jirani yake, muuza nyanya wa karibu na stendi.

Milembe aliitikia, akacheka, akauliza habari za watoto. Lakini alipopanda bodaboda, mfuko wa sato wa Lamadi mapajani na begi mgongoni, lile jina likawa linamwasha. Mtaani hakuna aliyewahi kumwita Mama Georgina. Tangu alipokuja kuishi na Mayala akiwa msichana mbichi, yeye alikuwa Mama Paschal. Paschal hakumzaa. Alikuwa mtoto wa Benedikta, mke wa kwanza wa Mayala, aliyekasirika siku moja akarudi kwao Binza, kule Maswa, akamwacha mtoto anatambaa. Milembe ndiye aliyembeba, akamlaza kifuani alipougua surua, akasimama nyuma yake siku ya Komunyo ya Kwanza, akatoa machozi siku anaoa. Jina la Mama Paschal alilifanyia kazi kama mtu anavyofanya kazi kwenye jaruba la mpunga, mgongo umepinda. Sasa limekwenda wapi?

Akajituliza. Huenda ni kwa sababu watu walijua alikokuwa. Alikuwa anatoka Nakuru, Kenya, safari yake ya kwanza nje ya nchi, kwa binti yake Georgina aliyejifungua mtoto wa kwanza. Mtoto wa kike, mweusi wa kung'aa, na wazazi wake wamempa jina la Milembe. Njia nzima, kuanzia mpaka wa Sirari, alikuwa akipanga namna ya kumwambia mumewe. Amwambie kabla ya kula au baada ya kula? Mayala anapenda kichwa cha sato. Angemwachia kwanza afyonze kile kichwa, kisha amwambie, “Haya, una mke mwingine sasa, yuko Nakuru, hana hata jino moja.”

Uani alikuta moshi unatoka jikoni. Akaenda huko akitegemea kumkuta Harieth, mke wa Paschal. Aliyekuwa ameinama juu ya sufuria, mwiko mkononi, kanga ya Milembe kiunoni, alikuwa Benedikta.

Walitazamana. Benedikta ndiye aliyewahi kusema.

“Karibu, mgeni.”

“Mgeni ni nani?”

“Mtu akitoka safari si mgeni? Weka mizigo upumzike. Hao samaki nipe niwaparue kabla hawajaharibika.”

Na Milembe, sijui ni uchovu au ni nini, akampa samaki.

Mayala alikuwa chumbani, amelala chali, shuka limenyanyuliwa kwa kigoda kidogo lisimguse tumboni. Alikuwa amekonda mpaka masikio yanaonekana makubwa. Kumbe siku zote zile alizokuwa akimpigia simu ya picha na kuona uso tu, akimuuliza mbona umelala mchana naye akijibu jua kali, mtu alikuwa amepasuliwa ngiri.

“Kwa nini hukuniambia, baba?”

“Ningekuambia ungemwacha mzazi na kichanga?”

“Ningemwacha.”

“Ndiyo maana sikukuambia.”

Lilikuwa jibu la upendo, ukilitazama vizuri. Milembe alilitazama vizuri. Halafu akauliza swali lililokuwa limemkaa kooni. “Na huyu aliye jikoni?”

Mayala akageuza macho ukutani.

Aliyemweleza ni Harieth, nje, kwenye kamba ya nguo, kwa sauti ya chini. Harieth ni Mpare, karani wa halmashauri, aliletwa Bariadi na kazi. Mgonjwa aliporudishwa nyumbani, wauguzi walisema kidonda kisafishwe kila siku. Harieth akachemsha maji, akatia chumvi, akachukua pamba na gozi, akagonga mlango wa baba mkwe.

“Mama, alipiga kelele kama nimeingia na nyoka! Eti mkwe hawezi kumwona baba mkwe wake pale. Nikasema sawa, Paschal aingie. Paschal naye akasema mtoto haangalii uchi wa baba yake, atalaaniwa. Nikamwambia basi mpeleke zahanati kila siku. Baba akasema atachekwa njiani anavyotembea. Kidonda kikaanza kunuka, mama. Mimi nakisikia kutoka sebuleni, na wanaume wawili wazima wanabishana nani asiangalie!”

“Na mimi hamkunipigia.”

“Baba alikataza. Paschal ndiye akasema kuna mtu mmoja tu anayeruhusiwa kumwona.”

Mke. Na mke wa karibu, ukimwacha Milembe aliyekuwa Nakuru, alikuwa Binza, mwendo wa saa chache tu.

Hapa mtu wa mbali angeuliza, Benedikta si alishaachika? Hapana. Benedikta aliolewa kwa ng'ombe, tena ng'ombe wa kusimulia, vumbi lao liliingia mpaka kanisani. Alipoondoka, kwao hawakurudisha hata mkia. Na Wasukuma wa pale watakwambia kwamba ng'ombe wasiporudi, ndoa haijafa, imelala tu. Inaweza kulala mpaka mtoto akaota ndevu, halafu siku moja ikaamka na kuomba mwiko.

Milembe yeye alikuja na sanduku na mimba. Mayala alimwahidi baba wa Milembe, mzee wa Lagangabilili, kwamba pamba ikipata bei ng'ombe watakuja. Pamba ilipata bei, ikaporomoka, ikapata tena. Mzee akafa akiwa bado anaziba mapengo ya zizi. Georgina alipoolewa, ng'ombe wa mahari wakaingia uani, na Milembe akasimama mlangoni akiwachagua kwa macho, yule mweupe na yule mwenye baka waendelee mbele mpaka Lagangabilili, kwa kaka yake Ndalahwa aliyerithi zizi. Mayala aliwauza wote akaezeka nyumba bati jipya. “Kwani nyumba si yako?” alimuuliza. Milembe akakubali, maana kweli mvua ilikuwa inamnyeshea na yeye.

Jioni ile alichemsha maji mwenyewe. Akaingia chumbani na beseni, akapiga magoti kando ya kitanda, akashika ncha ya shuka.

Mayala akamshika mkono. Hakumshika kwa ukali.

“Mwache amalizie yeye,” alisema. “Kidonda kimeshauzoea mkono wake.”

Milembe akakaa pale na maji yake yanapoa. Habari ya mjukuu aliyepewa jina lake ilikuwa mdomoni kabisa. Akaimeza. Benedikta akaingia, akapita kama mtu anayepita kwake, akainua beseni lile lile, akasema, “Wabeja, mwenzangu, umenipunguzia kazi.”

Usiku ule Milembe alilala chumba cha wageni. Asubuhi Paschal alikuja kumwomba msamaha, akikunakuna kichwa kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo na amevunja chungu.

“Mama, ningefanyaje?”

“Ungenipigia.”

“Nilimpigia mama.” Akajikwaa. “Nilimpigia... yeye.”

“Nimekuelewa, mwanangu. Nenda kazini.”

Jumapili baada ya misa, wazee wa ukoo walikuja kumpa mgonjwa pole. Mayala aliweza kutoka mpaka barazani, akiburuza miguu kama mtu aliyebana yai katikati ya mapaja. Kaka yake mkubwa, Mahona, alimtania mpaka akamwambia asimchekeshe, nyuzi zitakatika. Chakula kikaja. Mahona akakunja mikono ya kanzu.

“Haya, mwenye nyumba atunawishe.”

Pale kwao, maji ya wazee hayaletwi na mtu yeyote tu. Mwenye nyumba ndiye anayepiga magoti na birika, anaanza na mkubwa, anamalizia na mumewe. Milembe amelibeba birika lile maisha yake yote ya utu uzima. Lilikuwa karibu naye. Akalishika kishikio. Benedikta naye alishanyanyuka na beseni.

Kuku akapita katikati, hakuna aliyemfukuza. Milembe akamtazama Mayala. Alitaka neno moja tu, au hata kidevu kinyanyuke upande wake.

“Mama Georgina,” alisema Mayala taratibu, “kaa upumzike. Bado una uchovu wa safari.”

Milembe hakukaa. Birika likiwa mkononi, akapiga magoti mbele ya Mahona, lakini hakumimina.

“Shemeji, nina swali. Ng'ombe wa kwetu Lagangabilili wataondoka hapa lini?”

Mzee mmoja akakohoa. Mahona akatazama vidole vyake vikavu.

“Mayu, maneno hayo si ya leo. Mtu bado ana nyuzi mwilini, wewe unadai ng'ombe?”

“Sidai. Nauliza. Mwenzangu hapa anajulikana ni nani, ng'ombe wake wanamsemea. Mimi nimelea mtoto wake, nimezaa wangu, nimelima pamba mpaka kucha zimeisha. Nataka kujua mimi ni nani.”

“Wewe ni mama wa watoto,” alisema Mahona, akidhani amesema jambo zuri.

“Watoto wamekua,” alisema Milembe. Akamkabidhi Benedikta birika. Benedikta, kusema ukweli, hakutabasamu. Alilipokea akiwa ameinamisha uso.

Mayala aliita, “Mama Paschal! Mama Paschal, subiri!” Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kuitwa hivyo na mumewe, lakini yeye alikuwa chumba cha wageni akifunga begi. Harieth alilia, akambebea mzigo mpaka barabarani. Paschal alisimama mlangoni, mama mmoja mbele yake na mwingine nyuma yake, hakujua amfuate nani, basi akabaki palepale.

Lagangabilili, Ndalahwa alikuwa akitengeneza jembe la ng'ombe. Aliliona begi, akamwona dada yake mwenye mvi.

“Mwadila. Umekuja kusalimia au kukaa?”

“Nimekuja kuolewa,” alisema Milembe.

Ndalahwa akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha, akaenda kuleta kiti.

Mayala alipiga simu pamba ilipoanza kupasuka. Alisema anatembea vizuri sasa, na shamba linahitaji watu.

“Njoo uniombe huku,” alisema Milembe. “Njoo na Mahona. Unajua mnachotakiwa kutanguliza.”

“Bado sijaweza kukaa kwenye pikipiki. Panavuta.”

“Basi tuma mtu.”

Upande wa pili wa simu Milembe alisikia vyombo, kisha sauti ya Benedikta ikisema ugali unapoa.

“Nitakupigia,” alisema Mayala.

Milembe aliiweka simu chini, akaingia shambani kwa kaka yake kuvuna pamba ya watu.