Mwanamke Aliyeomba Chumvi kwenye Ukungu wa Iyula

Mimi ni fundi cherehani hapa Iyula. Nashona sare za shule na magauni ya kwaya, na kazi yangu ni ya kupima. Ukiongeza kidogo tu, gauni linaharibika. Nakwambia hivi ili ujue kwamba sina tabia ya kuongeza mambo. Hiki ninachokusimulia kilinipata mimi mwenyewe nikiwa macho, sina homa, wala sijaonja hata togwa. Tena sikuwa peke yangu. Nilikuwa na mama mkwe wangu, Namwinga, na yupo, mzima kabisa. Ukifika nitakupeleka ukamuulize. Ila uongee kwa sauti, maana masikio yake yamechoka, na yeye anadhani ni sisi ndio tumeacha kuongea vizuri.

Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Mifugo ya watu ikaanza kuumia miguu. Unakwenda kulala, ng'ombe wako anacheua vizuri tu. Ukiamka, anachechemea. Siku zikisogea, mguu umevimba kama gogo, hawezi kuukanyagia, na kidonda hukioni. Wakachomwa sindano, wakapakwa mafuta, wakakandwa kwa maji ya moto. Wapi! Wakafuata mbuzi. Wanyama wale walikuwa wanateseka, usiniulize. Usiku ungewasikia wakilia kutoka bonde zima.

Mtu pekee aliyekuwa akitufariji alikuwa mchinjaji mmoja tuliyempachika jina la Msafi, kwa sababu alivaa koti jeupe kila siku, hata akiwa kwenye pikipiki. Alikuja nyumba hadi nyumba. "Pole sana mzee wangu. Huyu hatapona. Bora nikuondolee kabla hajakufia bandani." Akamchukua kwa bei ya kutupa, nyama ikaenda kuuzwa Tunduma. Na watu walimshukuru, tena kwa mikono miwili.

Halafu maneno yakaanza. Watu wakasema huo si ugonjwa, huo ni mkono wa mtu. Kwenye grupu la kitongoji, kwenye simu, mtu akaandika kwamba kuna bibi anazunguka mabanda ya watu kila jioni. Sasa niambie wewe, ni nani alikuwa anazunguka mabandani kila jioni? Mama mkwe wangu! Alikuwa anaokota samadi ya bustani yake ya mboga, na amefanya hivyo tangu mimi sijaolewa. Jumapili iliyofuata, kanisani, jirani yetu mzee Simbeye na mkewe walisogea mpaka mwisho wa benchi, wakamwachia nafasi ya kutosha watu wanne. Na vijana wakatuma ujumbe kwamba watakuja kwake kwa "mazungumzo". Unayajua mazungumzo ya namna hiyo. Kuna bibi wa kijiji cha jirani walizungumza naye hivyo hivyo, akahama, nyumba yake imechomwa.

Nikampigia simu mume wangu, ambaye anapakua mizigo mpakani Tunduma na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Akasema, "Mlete mama huku haraka."

Nikamwambia mama. Alikuwa anakunywa chai yake yenye sukari ya watu watatu.

"Niende Tunduma kufanya nini? Kuvuta moshi wa malori? Nimesingiziwa hapa, na jina langu litasafishiwa hapa hapa." Akaweka kikombe chini. "Mama Gift, wewe si unajua kupima? Twende tukalipime hili jambo."

Ndivyo tulivyogeuka wapelelezi, mkwe na mama mkwe. Na amini nikwambie, hujawahi kuona wapelelezi wabovu kama sisi. Mimi nilikuwa nachukua vipimo vya wateja huku nawauliza maswali, nikimzungusha mtu utepe mara tatu kiunoni ili jibu litoke. Mama alikwenda nyumba za watu akijifanya anaazima ungo, kisha ananinong'oneza, na mnong'ono wake unasikika mpaka barabarani: "HUYU ANA MACHO YA WIZI!" Tulimfuatilia mtu mmoja aliyekuwa anatoka kwake alfajiri kwa kunyata. Tukamfuata mpaka migombani kando ya mto. Kumbe ni mwalimu wa kwaya. Mkewe amempiga marufuku kuimba nyumbani, basi anakwenda kufanyia mazoezi sehemu yake ya kuimba peke yake pale. Tulikaa tukasikiliza mpaka mwisho. Anaimba vibaya, maskini.

Ila kitu kimoja tulikipata. Kila nyumba tuliyouliza, mbwa hawakuwa wamebweka usiku ule mnyama alipoumia.

"Mtu asiyebwekewa na mbwa," mama alisema, "ni mtu anayejulikana."

Hilo likanitia baridi, kwa sababu aliyejulikana kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe.

Kwa mzee Simbeye kulikuwa na ng'ombe mmoja wa rangi ya kahawia, Neema, ambaye mguu wake wa nyuma ulikuwa umekwishavimba. Neema alikuwa na mtoto wake, mtamba, ambaye bado alikuwa mzima. Simbeye alikuwa amekubali Neema achukuliwe na Msafi. Mama akasema, huyu anayefanya haya akishaanza banda haliachi, atarudi kwa mtoto. Basi kabla vijana hawajaja na mazungumzo yao, tukaamka alfajiri tukaenda kujibanza kwenye mibuni nyuma ya banda la Simbeye, bila kumwambia, maana tungemwambia vipi mtu aliyetukimbia kwenye benchi?

Mimi nilibeba sufuria na mwiko wa kupigia kelele. Mama alibeba mkasi wake wa kupogolea kahawa, mahindi ya kuchemsha, na chumvi kwenye karatasi. Huyu mama haendi popote bila chakula.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka, lakini ukungu ulikuwa mzito, ule wa kwetu Mbozi wakati wa baridi, ukinyoosha mkono unauona mpaka kwenye kiwiko tu. Nilikuwa namwomba mama atafune taratibu. Mara nikahisi mtu amesimama juu yetu.

Sikusikia hatua. Sikusikia majani. Alikuwepo tu.

Alikuwa mwanamke mkubwa, kifua kipana, shingo nene. Alikuwa amevaa kitu cha rangi ya kahawia kutoka shingoni mpaka chini. Sasa nisikilize vizuri. Mimi ni fundi. Nguo yoyote unayovaa nitakwambia imekatwaje. Ile ya kwake niliitazama na sikuona mshono. Hakukuwa na pindo, hakukuwa na kifungo, na ilikuwa inatoa mvuke kwa baridi. Macho yake yalikuwa makubwa, meusi, yenye kope ndefu, na hakupepesa hata mara moja. Pumzi yake ilinipiga usoni, ya moto, inanukia majani mabichi.

Akafungua kinywa. Sauti ilitoka chini kabisa, tumboni.

"Chumvi."

"Anasema nini?" mama akauliza.

Nikajikaza. "Anaomba chumvi, mama."

"Basi si umpe? Mtu anaomba chumvi asubuhi yote hii, wewe unamkodolea macho!"

Akafungua karatasi, akamimina chumvi kiganjani, akanyoosha mkono. Mwanamke yule hakupokea. Aliinama, akalamba. Ulimi ulikuwa mrefu, wa kijivu, na niliusikia ukikwaruza kiganja cha mama kama msasa kwenye ubao. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilikuwa na sufuria mkononi, na mkono haukuwa wangu tena. Mama yeye alicheka. "Ananitekenya! Ana njaa mtoto wa watu."

Alipomaliza, yule mwanamke aliinua kichwa, akasema polepole, kama mtu anayetafuta kila neno mahali lilipo: "Mwanangu yuko ndani. Leo anamjia yeye."

Kisha akasogeza mguu mbele yetu. Ulikuwa umevimba vibaya sana. Mama, ambaye amezaa watoto na kuzalisha mbuzi, hakuuliza ruhusa. Akapitisha vidole kwenye ule uvimbe, akabonyeza, akasimama pahali pamoja.

"Hapa kuna kitu. Mama Gift, mulika."

Nikawasha tochi ya simu. Ndani ya nyama iliyovimba, chini kabisa, palikuwa na waya. Waya mwembamba, umekazwa mpaka ngozi imeufunika. Mama akaingiza ncha ya mkasi taratibu, akiongea naye kama anavyoongea na mtoto anayetolewa mwiba. Kah! Waya ukakatika.

Yule mwanamke akashusha pumzi moja ndefu, ndefu mno, na mimi nikajikuta nalia bila kujua kwa nini. Akageuka, akatembea kuelekea bandani, hachechemei. Ukungu ukamfunika. Mlango wa banda haukulia.

"Anaishi nyumba ipi huyu?" mama akauliza.

Nilimulika chini aliposimama. Udongo ulikuwa na unyevu, na alama zilikuwa wazi kabisa. Zilikuwa kwato.

Mama aliziangalia. "Nimeona," akasema, na hiyo ndiyo mara pekee nimewahi kumsikia akinong'ona kweli. "Nyamaza."

Hatukupata nafasi ya kuogopa zaidi, maana kwenye njia akatokea mtu anasukuma pikipiki, injini imezimwa. Mbwa wa Simbeye akamkimbilia anatingisha mkia. Yule mtu akamtupia mfupa. Koti lake jeupe lilionekana hata kwenye ule ukungu.

Mifupa! Kila mbwa wa kitongoji alikuwa amekula kwenye mkono wa Msafi. Nani angembwekea?

Akanyanyua ubao wa nyuma ya banda, akajipenyeza ndani. Tukasikia mtamba anahangaika, anapiga kwato. Mpango wetu ulikuwa nihesabu mpaka tatu kisha nipige sufuria. Mama hakungoja mtu ahesabu chochote.

"HUYOOO!"

Ndugu yangu, nimesikia honi za malori Tunduma. Hazifiki pale. Mimi nikapiga sufuria mpaka mwiko ukavunjika. Msafi akatoka mbio kwa ubao ule ule, akakanyaga samadi, akaenda chini kifudifudi na koti lake lote. Kabla hajainuka, mama alikuwa amekwishakalia mgongo wake, na mahindi bado anayo mkononi.

Watu wakatoka na mapanga na mablanketi. Mtamba alikutwa na waya mguuni, haujakazwa bado. Nyaya nyingine zilikuwa mfukoni mwa koti, zilezile anazofungia nyama kwenye pikipiki. Watu wakaelewa wote kwa pamoja. Wale vijana wa mazungumzo wakaanza kumsogelea, na mmoja ameshika jiwe.

Mama hakuondoka mgongoni kwake. "Hapigwi mtu hapa! Aitwe mwenyekiti, apelekwe polisi. Mlitaka kunihukumu mimi bila kuangalia, leo mtaangalia kwanza." Yule kijana akaliangalia jiwe lake, akaliweka chini kama yai.

Mzee Simbeye akaingia bandani kumwona Neema. Alitoka amebadilika sura.

"Nani amemkata waya huyu? Banda nimelifunga kwa kufuli jana, na ufunguo ninao." Neema alikuwa amesimama kwa miguu yote minne, waya uliokatwa uko kwenye nyasi, na pua yake ina weupe wa chumvi.

Mama alinitazama, nikamtazama.

"Ni sisi," mama akasema. "Tulikutana naye njiani."

Simbeye akautazama ufunguo wake, akaurudisha mfukoni.

Asubuhi hiyo watu walikwenda kila banda, wakapitisha vidole kwenye miguu iliyovimba, na waya ulikuwepo kila mahali. Mifugo iliyobaki ikapona. Msafi alifikishwa mahakamani, na hapa hakurudi tena. Simbeye alisimama kanisani mbele ya watu wote akaomba radhi, na siku hizi mkewe anakaa karibu na mama mpaka mama analalamika joto.

Lakini kuna mambo hayajaisha. Kiganja kile kilicholambwa kimekuwa laini kama sahani. Mistari yote imefutika, hakuna hata mmoja. Hakimuumi. Ila mama akipita njiani, ng'ombe wanaacha majani, wanakuja kwenye uzio, wanasimama kumtazama. Ng'ombe akisumbuka kuzaa, bonde zima linamwita yeye, anaweka kile kiganja tumboni, na ndama anatoka. Mimi nyama ya ng'ombe hainipiti kooni. Mume wangu akirudi kutoka Tunduma na kilo yake, namkaangia, naenda kula maharage nje. Nikisikia ile harufu, pumzi ile ya majani inanirudia usoni.

Basi nawe uliyenisikiliza, usije ukasema hukuambiwa. Ukikutana na mtu kwenye ukungu na nguo yake haina mshono, usimuulize anakotoka. Mpe anachoomba, na usivute mkono kabla hajamaliza. Na siku ukiamka ukakuta mnyama wako anachechemea, kabla hujataja jina la bibi wa mtu yeyote, piga magoti kwenye samadi, pitisha vidole vyako chini ya uvimbe, na utafute vizuri.