Nyanya Alibaki Kule

Juzi, nikisubiri basi Peckham, huku ughaibuni, niliona tangazo la safari ya meli ndogo kwenda visiwa vya volkano: sili, wale wanyama wa baharini, wamelala juu ya mawe meusi. Eti watu hulipa kwenda kuyatazama mawe hayo.

Nikakumbuka alasiri moja saluni, nilipokuwa mdogo, harufu ya nywele zilizoungua, mama akinisuka, nami nina gazeti lenye picha kama hiyo mapajani.

"Mawe kama haya ndiyo yaliyoshuka Goma yakiwa moto, volkano ilipolipuka," mama alisema. "Nyanya yako alibaki kule."

Nilidhani alibaki akichunga wale wanyama; sikujua kwamba hata kaburi hana. Nikamjibu, kwa Kiingereza changu, kwamba tupande ile meli ya gazetini tukamchukue.

Vidole vyake vilisimama, kisha vikakaza msuko hadi nikalia. Naye akalia.

Nilidhani ananihurumia kichwa.