Muuza Chai Anayeomba Papo Hapo

Mama anayewauzia chai madereva wa malori pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hamwambii mtu "nitakuombea" kisha akaenda zake. Akisikia shida, hutua birika, hufuta mikono kwenye leso, na kuomba papo hapo, wateja wakisubiri. Sauti yake haipandi kamwe.

Juzi dereva mmoja wa Mombasa alipigiwa simu kuwa mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, anatokwa damu. Foleni ya kuvuka mpaka ilikuwa haisogei.

"Bibi yako naitwa nani?" mama akamuuliza.

"Mwanakombo. Lakini mama, sisi Waislamu."

"Mungu najua hata hiyo."

Akamshika mkono, akaomba kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao. Dereva hakuelewa ila jina la mkewe, na kila lilipotajwa aliitikia, "Amina."

Jioni simu ikaja tena: Mwanakombo yu hai, mtoto amefariki. Dereva akaketi kwenye ngazi ya lori lake.

"Sasa tuombe nini, mama?"

"Sasa hatuombi kitu. Nakaa na wewe kwanza."

Akakaa. Malori ya mbele yaliposogea, madereva wa nyuma hawakupiga honi.