Doa la Mlango wa Kushoto

Nilirudi Likombe mwezi uliopita, na kabla sijashuka kwenye bajaji harufu ikanipokea: mabibo yaliyooza. Wewe rafiki yangu uliyekulia kusini unaijua. Msimu wa korosho kila mtu anaokota korosho yake, na bibo, tunda lenyewe, linaachwa pale pale chini, linavimba, linapasuka, nzi wanafanya sherehe. Wageni husema ni harufu tamu. Mimi nilifunika pua kwa mtandio, dereva akanicheka. Tangu utotoni nina kinyaa cha kupindukia; chai yenye utando wa maziwa siinywi, na mtu akipenga kamasi karibu yangu, basi siku yangu imeharibika. Lakini harufu ile kila ikinipata namkumbuka Fundi na gari lake dogo, na uchafu aliolipaka kwa mikono yake mwenyewe.

Fundi alikuwa jirani wa bibi yangu, ukuta kwa ukuta. Bibi aliletwa Mtwara na kazi ya babu bandarini, na mimi nilikaa kwake miaka yote ya shule ya msingi. Fundi yeye alikuwa mwenyeji, Mmakonde wa huku huku, mzee wa kutengeneza magari aliyeacha kazi kwa sababu ya mgongo. Alikuwa na aibu moja ambayo mtaa mzima uliijua: akipanda gari anatapika. Fundi wa magari! Safari ya kutoka Likombe hadi Mikindani, fupi namna ile, alikwenda limau liko puani na mfuko wa plastiki uko mkononi. Niliwahi kukaa naye kiti kimoja mara moja, na yaliyotokea siyaelezi hapa.

Ndiyo maana hakuna aliyemwamini aliposema kwamba ujanani aliwahi kuwa kwenye mbio za magari. Yalikuwa mashindano ya enzi zile, kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara katikati ya masika, wakati barabara ya Kibiti ilikuwa tope tupu na abiria wa mabasi walilala porini siku tatu, nne. Mshindi alikuwa mtoto wa tajiri mmoja wa mjini. Msoma ramani wake alishikwa na homa asubuhi ya kuondoka, na Fundi, kijana aliyekwenda kukaza nati tu, akasukumwa kwenye kiti cha kushoto. Hivyo ndivyo alivyosimulia yeye. Picha ya gazeti iliyotundikwa dukani kwa yule tajiri ilimwonyesha dereva peke yake, anachekelea dirishani upande wa usukani.

"Njomba, mimi nilikuwa upande wa pili," Fundi alikuwa akisema. Watu wanaangua kicheko. "Wewe? Wewe hata Mikindani hufiki!"

Nyumba ya mbele yetu alipanga mhandisi wa kigeni wa gesi ya Mnazi Bay. Alipohama aliacha boksi lenye gari la plastiki la kuunganisha: vipande vidogo vidogo, karatasi ya maelekezo, na picha ya gari lenyewe juu ya kifuniko. Fundi alipoliona alikaa chini sakafuni. Lilikuwa gari lile lile la mbio, aina ile ile, ila hili la kwenye boksi lilikuwa la mtu anayekwenda kanisani: la buluu, linang'aa, usukani kushoto. Wakati huohuo habari zilikuwa zimefika kwamba yule dereva, sasa mzee wa Dar, angekuja baada ya mwezi kuuza jengo la marehemu baba yake. Fundi akaamua kumwekea mezani gari la mbio lililo sahihi kila kitu, ili aseme mbele za watu nani alikaa wapi. Hicho tu ndicho alichotaka duniani.

Alifanyia kazi barazani, nasi tukimkodolea macho. Alipasha wembe moto akaukata usukani kushoto akauhamishia kulia. Vyuma vya kukinga paa akavitengeneza kwa mirija ya kalamu za wino. Taa nne za mbele akazikata kwenye pakiti za vidonge vya bibi, pale kila kidonge kinapokaa kwenye kikombe chake. Mpira wa ndani wa baiskeli ukawa vikinga matope. Springi za magurudumu akaziinua, kwa sababu gari la Kibiti lisiloinuliwa, alisema, lingebaki hadi leo na watu wake ndani. Mpaka hapo hata mimi nililipenda.

Halafu akaanza kulichafua. Udongo mwekundu wa Likombe aliukataa. Tope la njia ile lilikuwa jeusi, linanata, kwa hiyo akalifuata kwenye mikoko. Unalijua lile tope? Linanuka yai viza. Akalikanda kwa gundi ya mkorosho kwenye beseni, na baraza yetu ikanuka wiki nzima hadi chakula kilinishinda. Kiti cha kushoto akakiwekea kifuniko cha dawa ya meno. Nikauliza ni nini. "Kopo," akasema. "La kutapikia. Lilijaa mapema." Kisha akakamua bibo lililooza, akachovya unyoya wa kuku, akachora mchirizi wa kahawia kutoka dirisha la kushoto kurudi nyuma, vijitone vikizidi kutapakaa kadiri vinavyokwenda. Doa la bibo unalijua, halitoki kwa sabuni wala kwa jiki. Nilikimbilia uani nikashika ukuta.

Bibi alikasirika. "Jirani, si ulitengeneze zuri? Huyo mtu anakuja na wanawe!"

"Zuri la nini, mama? Lilifika chafu."

Dereva alikuja saa kumi jioni, kanzu nyeupe, marashi ya kumfukuza mbu. Mtaa ulijaa. Alilizunguka gari, akazihesabu taa, akacheka kwa furaha ya kweli. Fundi akamwuliza kwa adabu, "Bosi, na kiti cha kushoto?"

Yule mzee aliwatazama wanawe, akawatazama watu. "Umekumbuka yote, Fundi. Ila hapo umekosea. Kile kiti tulikitoa, nikaweka tairi la akiba. Nilikuwa peke yangu."

Watu wakaguna. Wengine wakaanza kucheka, kicheko kile kile. Na mimi, mtoto wa miaka kumi, nikahisi kinyaa ambacho hakikutoka kwenye tope wala kwenye bibo. Nilitamani kumtapikia viatu yule mwenye marashi.

Dereva akaligeuza gari. Akaona mchirizi, akaugusa kwa kidole gumba, akakipeleka puani. Uso ukamkunjamana.

"Lakini na wewe! Hata hili umeliweka? Si nilikwambia utoe kichwa chote nje, ukanichafulia mlango mzima!"

Hata wanawe walimtazama. Yeye mwenyewe alichelewa kidogo kutambua alichokisema, kisha akaomba maji ya kunawa. Alipomaliza akatoa simu, akaenda upande wa kulia, upande wa usukani, akapiga picha huko kulikotakata. Akaaga akaondoka.

Nina hakika picha ile ipo mahali, safi, na inapendwa. Siku hizi kila picha ninayoiona imepigwa upande huo, na inanichefua kuliko beseni la tope. Fundi amefariki. Gari lilichezewa na wajukuu zake hadi likaisha magurudumu, na baraza imevunjwa, pana fremu za maduka. Sijakutana tena na mtu wa kukaa mwezi mzima akitengeneza aibu yake ili iwe sahihi.

Jioni ile watu walitawanyika wanaona haya. Fundi alibaki amekaa, anaturudia tuliobaki: "Mmensikia? Kasema alinambia nitoe kichwa." Bibi, ambaye hakuwahi kumwomba mtu radhi maishani mwake, akatoka ndani na kikombe cha maji, akampa kwa mikono miwili.

"Pole na safari, jirani."

Fundi akayanywa yote. "Nimeshapoa, mama," akasema. "Nimeshapoa."