Kiti cha Baba Yona

Enzi zile Thornton Heath, kusini mwa London, ukipita chini ya dirisha letu Jumamosi mchana, pua yako ilikutana na sombe ya Mama, yale majani ya muhogo, kabla masikio hayajakutana na kwaya. Nasema kwaya, lakini walikuwa watu wanne tu: Papa, baba yetu, sauti ya kwanza, Mama ya pili, Mama Neema ya tatu, na Baba Yona besi. Wiki nzima walisafisha maofisi na kuwaogesha wazee wa watu. Jumamosi wakawa Wanne wa Bwana. Papa alipiga banjo aliyoinunua duka la mitumba akidhani ni gitaa. Alipoambiwa sivyo, akajibu, "Mungu hajalalamika." Sisi watoto tulikaa kwenye zulia na mandazi yetu. Nyimbo zote tulizijua, ingawa tukiitwa kwa Kiswahili tuliitika kwa Kiingereza.

Besi ya Baba Yona, jamani! Vikombe vilitetemeka kabatini. Lakini alikuwa bado hajapata makaratasi ya ukaazi, na siku moja barua ya serikali ikaja: anahamishiwa Glasgow, mbali huko Uskoti. Mama alilia waziwazi, mwiko mkononi. Wazee wa kanisa wakamleta shemasi mmoja achukue nafasi. Papa akamkaribisha chai, akamshukuru, akamsindikiza mlangoni. "Siye tuko wanne," akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Jumamosi iliyofuata akavuta simu ya mezani hadi waya ukakaza, akauweka mkono wa simu juu ya kiti cha Baba Yona. Baba Yona mwenyewe alikuwa amesimama kwenye korido ya hosteli huko Glasgow. Shida ni kwamba watatu wakiimba, besi yake ilizama. Basi wakajifunza kunyamaza mwisho wa kila mstari, wamwachie aumalizie peke yake. Hata sisi watoto tulibana pumzi. Sauti ikatoka pale kitini, ndogo, lakini ni yeye, ni yeye kabisa!

Ikawa hivyo miaka miwili. Alipopata makaratasi alirudi, na kule kunyamaza hawakukuacha. Kwenye harusi za Wakongo, London nzima, watu walisimama kwa vigelegele pale watatu waliponyamaza na besi ikashuka peke yake. Kanda zao zilichezwa hadi zikakwaruza. Kwaya nyingine ziliwaiga, zikasifu ule ufundi. Ufundi gani? Ilikuwa simu!

Leo kila mwimbaji ana maikrofoni yake, na kijana wangu anatengeneza kwaya nzima chumbani kwake bila kumsalimia mtu. Ana kipaji, simnyimi sifa. Lakini siku hizi mtu akikosekana, wanabonyeza kitufe. Mwezi uliopita kanisa liliwaomba wazee wetu waimbe tena, na Papa akalazwa hospitali. Walipokutana kwa mazoezi, sebule ileile, kijana akajitolea, kwa Kiingereza chake, kuitengeneza sauti ya babu yake kwa kompyuta. Baba Yona, kichwa cheupe sasa, akamtazama kwa upole.

"Aksanti, mjukuu wangu. Leta kiti."

Nikampigia Papa, nikaiweka simu yangu juu ya kiti. Watatu wakaimba, wakafika mwisho wa mstari, wakanyamaza. Kwa muda tulisikia mashine za hospitali tu. Kijana wangu akavua vile vidude vyake vya masikioni. Ndipo Papa, taratibu, akaumalizia mstari.