Jiwe la Mama na Kamba ya Faustini

Mkaratusi ulipoanza kulia, mimi nilikuwa bado nimeshika kamba. Niliona majani yananijia, kisha sikuona kitu. Nilipozinduka, mguu wangu wa kushoto ulikuwa chini ya mti, na mama alikuwa anachimba udongo kwa mikono ili autoe mguu huo.

Nyie wa rika langu mliokulia huku Dongobesh mnajua: tulipokuwa wadogo hapakuwa na simu ya kuuliza kila kitu. Asubuhi za ukungu tulikunywa uji tumejibanza ubavuni mwa ndama, maana ndama ana joto. Jua likichomoza tunatoka mbio kukanyagana vivuli, na aliyekanyagwa kivuli ndiye anakwenda kuchota maji.

Mama hakusoma hata darasa moja, lakini kila kitu alikipima. Yai analitumbukiza majini kwanza, likielea, haliliwi. Maharage magumu anayatia magadi, "kidogo tu, siyo mnavyotaka nyie, tutakula sabuni." Hata mchezo wetu wa vivuli aliugeuza somo. Aliweka alama pale kivuli cha kichwa kilipofika, akatulaza chini, miguu palepale tuliposimama, akarudia mpaka saa ile kivuli kinalingana na mtu. "Sasa hivi na cha mti kinalingana na mti," anasema. "Jua halina upendeleo." Basi tukapima nyumba, tukapima mlingoti wa shule, tukataka kulipima na dume la ng'ombe la baba, likatufukuza.

Leo mwanangu, kidato cha tatu, ukimuuliza saba mara nane anatoa simu mfukoni. Juzi nimemwambia apime mti wa jirani, kasema bando limeisha. Na jua liko bure kichwani kwake!

Sasa, siku ile. Faustini mpasua mbao alikuja kuangusha mkaratusi wa uani kwetu. Asubuhi mama alikuwa ameshaupima kwa kivuli, akaweka jiwe jeupe pale ncha itakapofika. Faustini akafunga kamba juu ya mti, akauingiza msumeno, kisha akatuita mimi na wadogo zangu wawili, Yohana na Emiliana, tuvute. Tukasimama kati ya mti na jiwe.

"Faustini, kamba yako ni fupi kuliko mti," mama akasema. "Unafika kwenye lile jiwe."

"Mama Paskalina, unapima mti kwa kivuli? Basi na mbao tukupasulie za kivuli!"

Vibarua wake wakacheka. Mama akarudia mara ya pili, mara ya tatu. Halafu akaacha maneno, akawanyakua wale wadogo, mmoja kila mkono, akawavusha jiwe. "Paskalina, achia!" akaniita. Faustini naye: "Shika, wewe si mtoto tena!" Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulifundishwa kumtii mkubwa, nikashika.

Ncha ya mti ililala juu ya jiwe la mama, sawasawa kama alivyosema.

Shule ilikuwa ng'ambo ya bonde. Kwa mguu huu nikaishia darasa la tano. Lakini Yohana ana watoto sita leo, Emiliana ana wanne, na wakijaa kwangu sikukuu, kelele mpaka kuku wanahama, namshukuru mama. Wote hao alivuka nao jiwe siku ile, mmoja kila mkono. Nashukuru na kwa hesabu zake, maana kwa hizo nimejenga, nimelima, nimeishi.

Kinachonichoma ni kimoja. Kwenye mkutano wa kijiji Faustini alisema watoto walikuwa wanachezea kamba, mama yao hakuwaangalia. Wakamwamini, kwa sababu yeye ni fundi. Mama amezikwa na lawama hiyo.

Faustini, bado uko hai, na shikamoo yako nakupa kila tukionana. Simama kwenye mkutano uleule, mbele ya watu, useme: kamba ile nani alitushikisha?