Shati la Shule ya Kambini

Jumapili iliyopita kanisani kwetu, hapa mjini Saint Paul, Amerika, vijana walimwomba direkta wangu wa zamani, mkuu wa shule, awasimulie historia ya shule yake. Ndiyo, yuleyule. Usishangae, rafiki yangu. Vita vilitukusanya wote, aliyepiga na aliyepigwa, vikatutupa kwenye theluji moja. Siku hizi anatembea na fimbo, watu wanamwita Mwalimu, na akina mama wanampelekea sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, nyumbani.

Alisimulia vizuri, sitamnyima haki yake. Shule ilikuwa ndani ya kambi ya jeshi, wakati wa Zaire, kwenye mlima unaotazama ziwa. Madarasa mawili ya kwanza ya sekondari, kwa watoto wa askari tu. Matofali walifyatua askari wenyewe. Bati lilikuwa jipya, mitihani tulishinda kila mwaka. Vijana wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Kisha mkono ukaenda wenyewe shingoni kutafuta kifungo cha shati, na kumbe kilikuwa kimefungwa tangu asubuhi.

Binti yangu akaninong'oneza kwa Kiingereza, akiuliza kama na mimi nilisoma pale. Nikatikisa kichwa, hata sijui kilisema ndiyo au hapana.

Basi wewe nikuambie alichokiruka direkta.

Asubuhi za kambini zilinuka mkaa, mawese na rangi ya viatu. Mimi niliteka maji bombani kabla askari hawajaamka, nikampulizia mama moto, naye akakaanga mandazi pembeni ya uwanja wa shule. La kwanza lilikuwa langu, moto wa kuunguza ulimi. Na shule nilikuwa naipenda, usinione hivi. Mwalimu wa jiografia alikuwa anachora Afrika nzima ubaoni huku anatutazama sisi, nami nilikaa mbele kabisa nisikose hata mto mmoja. Shati jeupe tulipewa na stoo ya jeshi, lina muhuri ndani ya kola. Nilikuwa nalo moja. Mama alilifua kila jioni na kulikausha juu ya jiko, kwa hiyo nilinuka moshi mwaka mzima.

Halafu kulikuwa na tarumbeta ya bendera. Ikilia, kambi yote inaganda. Mwenye ndoo kichwani anaganda nayo, na aliyefungua kinywa kutukana anabaki amekifungua, mpaka bendera ifike juu. Ukitikisika unalala kasho, kile chumba cha wafungwa kisicho na dirisha.

Baba akafa kwa homa, kazini, mbali na sisi. Mjane wa askari alitakiwa kutoka kambini, ila kama ana mtoto shuleni alivumiliwa mpaka mwaka wa masomo uishe. Ndiyo desturi. Sasa ajida, askari mwenye cheo aliyekuwa anagawa nyumba za kambi, alitaka yetu kwa ajili ya shemeji yake. Akamwendea direkta, wakanywa pamoja, wakaelewana nitolewe shuleni. Nawataja hao wawili, ajida na direkta, na sitawaondoa mdomoni mpaka nife.

Asubuhi moja, kwenye mistari, direkta akaniita mbele.

"Baba yako ni askari wa wapi?"

"Amekufa, direkta."

"Kwa hiyo shati la jeshi unamvalia nani?"

Watoto wakacheka. Mmoja akapaza sauti: "Anamvalia mama mandazi!" Wakacheka zaidi, na direkta naye akacheka. Ajida, aliyesimama kando yake, akanyoosha mkono. "Vua. Mali ya serikali."

Nikavua. Kola ilikuwa bado mkononi mwake tarumbeta ilipolia.

Tukaganda. Mimi kifua wazi, mbavu nje, mikono ubavuni kama tulivyofundishwa, siwezi hata kujifunika, na shule nzima macho kwangu maana hawana ruhusa ya kugeuka. Upepo wa ziwa unapanda. Bendera inapanda polepole, kamba inalia kwenye chuma. Nikasikia harufu ya kitu kinachoungua.

Kisha nikaona mtu mmoja anatembea. Hakukimbia. Mama alipita katikati ya askari waliosimama kama miti, anafungua kitenge chake cha juu, akanizungushia mpaka shingoni.

"Vaa, mwanangu, twende. Mandazi yanaungua."

Ajida akasahau kuganda. "Wewe mwanamke! Bendera!"

Mama akamwambia, "Bendera haisikii baridi."

Walimweka kasho. Alipotoka tulishuka mlima na karai lake na magodoro, na darasani sikuingia tena. Hapa Amerika nasafisha sakafu hospitalini. Barua ya Kiingereza ikija, namsubiri binti yangu atoke shule anisomee, natazama pembeni kama mtu aliyesahau miwani.

Ibada ilipokwisha, direkta alinidaka mlangoni, mbele ya watu. "Mwanafunzi wangu! Wewe ulituacha mapema sana."

Miaka yote nimekuwa nayo maneno ya kumwambia. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Na nikamshika mkono asiteleze kwenye barafu, nikamfikisha hadi kwenye gari.

Wanasema mabati ya shule ile yaliporwa vitani, na uwanjani sasa watu wanalima muhogo. Ajida hajulikani alipoishia. Mama tulimzika Tanzania, katika kambi nyingine, ya wakimbizi. Aliyebaki kuisimulia shule ni direkta, na anaisimulia anavyotaka.

Tukarudi nyumbani, njia ya Inver Grove Heights. Njiani binti yangu akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Baba, kwa nini wewe kuacha shule?"

Nilitazama barabara.

"Mama yangu alikuja kunichukua."

"Kwa nini?"

"Aliona nasikia baridi."

Alinyoosha mkono, akaongeza joto la gari.